Mstari Ambao Lameki Hakuthubutu Kuufuta

Lameki Buberwa ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu adhani mimi, Joanitha, nina chuki naye. Tumefanya kazi pamoja miaka mitano, yeye akiwa Bukoba mjini na mimi Muleba, kilomita sabini hivi kati yetu, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akimpandishia mtu sauti. Mimi ninayo sauti ya kuwatosha watu wawili, labda ndiyo maana tunaelewana.

Yeye ni fundi wa kompyuta katika hospitali kubwa ya misheni pale mjini. Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali ndogo iliyo chini yao huku Muleba. Amezaliwa Buhembe na anaishi Buhembe, kwenye kibanja cha migomba cha babu yake, na baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa tai na baiskeli. Katika nyumba ile watoto walifundishwa kwamba neno la mkubwa halifutwi. Kama una la kwako, unaliongeza chini yake, kwa adabu, na mkubwa akipenda atalisoma.

Ukifika sebuleni kwake utakuta kalenda nne ukutani. Ya mwaka huu iko chini kabisa, karibu usawa wa meza, kwa sababu tatu za juu zilitolewa na mchungaji, na zawadi ya mchungaji haitupwi. Mkewe, Kemilembe, ni mwalimu wa shule ya msingi na ana mdomo wake. Siku moja nilimtembelea akaniambia, "Dada, kwetu hapa mgeni akitaka kujua tarehe, apige magoti." Lameki alicheka pamoja nasi. Kalenda hakuzitoa.

Nje kuna mibuni minne ya babu yake. Haijazaa tangu Lameki alipokuwa shuleni, imebaki miti tu yenye ukoko mweupe. Mtu mwingine angeing'oa. Lameki alipanda miche mipya katikati yake, nayo inakua myembamba na kuinama pembeni ikitafuta jua. Kemilembe alishasema mpaka akachoka. Lameki anajibu kwa methali, kwamba mwenda pole hajikwai, kisha anaenda kupalilia.

Kazi ya kompyuta alifundishwa na Mzee Rwekaza. Mzee huyu alifundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, halafu hospitali ikamchukua kuangalia mitambo yake, na ndiye aliyemwona Lameki akirekebisha redio sokoni akamwambia aje. Alimfundisha kila kitu, kuanzia kukata waya mpaka kusoma Kiingereza cha kwenye vitabu vya mitambo. Alipostaafu na kurudi kwao Kaagya kulima kahawa na migomba, alimwachia Lameki funguo, nywila zote kwenye karatasi moja, na daftari kubwa la kumbukumbu. Lameki hakununua daftari jipya. Aliendelea pale mzee alipoishia, chini ya mstari wa mwisho.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa.

Sisi Muleba tuna mashine ya eksirei lakini hatuna daktari bingwa wa kusoma picha. Bingwa yuko Bukoba, Daktari Renatha. Nikipiga picha, kompyuta yangu inaituma kwa mtandao hadi kwenye seva ya hospitali kubwa, yaani kompyuta inayokaa macho siku zote kupokea mafaili. Daktari Renatha anaifungua, anaisoma na kutuandikia majibu. Zamani mgonjwa alibebwa mpaka mjini na mfupa wake uliovunjika, akarushwarushwa njia nzima, kumbe pengine hata haukuvunjika. Kwa hiyo seva ile kwangu ni kitu kikubwa, na anayeitunza kwangu ni mtu mkubwa.

Mwezi wa tano tulipata mashine mpya. Picha zake ni safi mno, unaweza kuhesabu kila kifupa cha mkono wa mtoto, ila kila picha ni nzito mara nne ya zile za zamani. Na mtandao wetu una tabia zake. Mvua ikinyesha unatembea, unasimama, unatembea tena. Picha ndogo ziliendelea kupita. Zile kubwa zilikuwa zinafika katikati, mtandao unasimama kidogo, na seva ya Bukoba inakata. Lazima uanze upya.

Lameki aliichunguza akagundua sababu upesi tu. Seva ilikuwa na mpangilio unaosema kwamba mtumaji akinyamaza kwa sekunde thelathini, akatwe. Zamani sekunde hizo zilitosha. Sasa hazikutosha. Ilibidi ziongezwe ziwe dakika tano, basi, kazi ya mtu mmoja na kikombe kimoja cha chai.

Jumanne moja, kabla hajaifanya, ndipo alipoletwa Bibi Theopista.

Bibi huyu ni wa Kamachumu, ana miaka themanini na mmoja, na Jumatatu aliteleza kwenye kibanja chake akikata majani ya migomba ya kufunikia chungu. Aliangukia nyonga. Mwanawe mkubwa, Ildefons, alimleta kwa gari la kukodi akiwa amelazwa kwenye godoro. Bibi hakulia. Alipouliza jambo, aliuliza nani atawapa mbuzi wake majani.

Nilipiga picha nikaiangalia kwenye kioo changu. Kwenye shingo ya mfupa wa paja niliona kitu chembamba kama unywele. Kinaweza kuwa ufa. Kinaweza kuwa mkunjo wa ngozi tu, wazee wana mikunjo. Mimi si daktari, na tabibu wetu naye alitazama akatikisa kichwa. Tulikubaliana bibi alale chali, asisimame hata kwenda chooni, mpaka Daktari Renatha asome. Kama ni ufa, aende Bukoba kwa uangalifu akawekewe skrubu, upasuaji mdogo. Kama hakuna ufa, arudi kwa mbuzi wake. Kila kitu kilingoja picha ile moja ifike.

Niliituma. Ilifika asilimia sitini na nane ikakatwa. Niliituma tena. Hamsini na tano. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama, nikiisemesha kompyuta maneno ambayo padri wangu asingeyapenda. Nikampigia Lameki.

"Ninalifanyia kazi, dada," alisema. "Leo leo."

Mtu atauliza kwa nini nisitume kwa simu. Nilituma. Daktari Renatha alijibu kwamba picha iliyobanwa na simu haionyeshi ufa mwembamba, na hatasomea mtu mfupa kwa kubahatisha. Flashi je? Hospitali kubwa ilipiga marufuku flashi tangu mwaka jana, virusi vilipoingia na kuziua kompyuta za maabara. Ningeweza kuomba ruhusa ya pekee, ningeweza kupanda basi mimi mwenyewe. Kila nilipofikiria hivyo nilijiambia kwamba Lameki amesema leo leo. Hilo ni kosa langu na sitamsukumia mtu mwingine.

Siku ile ya Jumanne Lameki alikosea mara moja, na kosa lake lilikuwa la kawaida. Programu inayopokea mafaili inakaa ndani ya kile mafundi wanachokiita kontena. Ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji, ikaletwa ikiwa tayari. Faida yake ni kwamba ikiharibika unaitupa na kuunda nyingine kutoka kwenye kifungashio kile kile, dakika moja tu. Hasara yake ni hiyo hiyo. Chochote ulichoandika kwa mkono humo ndani kinaondoka pamoja na ile ya zamani. Lameki aliingia ndani, akaandika dakika tano, akaiunda upya, na dakika tano zake zikapotea. Ukitaka neno lako lidumu, unaliandika kwenye faili lililoko nje ya kontena, nayo hulisoma kila inapoamka.

Hilo alilikumbuka Jumatano asubuhi, akajicheka. Akafungua faili la nje. Akaandika mstari wake chini ya mingine, akaiamsha seva, akanipigia nijaribu. Nilijaribu. Asilimia sabini na moja, ikakatwa.

"Haijakusikia," nilimwambia.

"Imenisikia, dada. Seva imelisoma faili, nimehakikisha."

"Basi imekudharau."

Alirudi akaandika mstari ule ule mara ya pili, chini ya ule wa kwanza, kana kwamba seva ni mtu mwenye masikio mazito. Haikusaidia, akaufuta huo wa ziada. Ndipo akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mapema: aliiuliza seva yenyewe inafuata mpangilio gani kwa sasa. Kuna amri ya kuuliza hivyo, inakutolea orodha nzima. Seva ikajibu: sekunde thelathini.

Saa tisa alasiri Jumatano alinipigia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa nyepesi. Alikuwa amesoma kitabu cha programu mwanzo mpaka mwisho. Programu ile, mpangilio mmoja ukiandikwa mara mbili, inashika ule uliotangulia. Unaofuata haiugombezi, haikuambii kitu, inaupita tu.

"Na juu kuna mstari mwingine?" niliuliza.

"Yote ni mitatu. Juu kabisa kuna sekunde thelathini, chini yake kuna mmoja wa sekunde mia na ishirini, halafu wangu."

"Basi futa huo wa juu, Lameki, bibi wa watu amelala chali siku ya pili!"

Nilisikia pikipiki zikipita dirishani kwake.

"Juu yake kuna onyo, dada. Limeandikwa kwa Kiingereza, kwamba mstari huu usiguswe. Ni wa mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee Rwekaza. Nani mwingine? Huyu ndiye aliyelishika faili hili kabla yangu."

"Mpigie simu umuulize."

"Dada Joanitha." Aliniita kama anavyomwita mtoto wake akitaka kupanda meza. "Jambo la kufuta neno la mzee haliulizwi kwa simu. Kesho asubuhi nakwenda Kaagya. Tulifundishwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilikasirika, nilimwambia nimekasirika, na nikakata simu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikumwelewa. Nami nimelelewa huku huku. Baba yangu alipoandika jina la mdogo wangu vibaya kwenye cheti cha ubatizo, mdogo wangu alisoma mpaka chuo kwa jina lile lile. Nilichofikiri ni kwamba siku moja zaidi haitamuua bibi. Jioni nikapita wodini, nikamwambia Ildefons majibu yatakuja kesho. Bibi Theopista alikuwa macho, akaniuliza kama mgongo wangu hauumi kwa kusimama siku nzima.

Ya Alhamisi nimesimuliwa na Lameki mwenyewe, baadaye, wala hakujipendelea.

Alifika Kaagya saa tatu asubuhi kwa pikipiki yake. Mke wa mzee alimwambia mzee amekwenda kuzika ng'ambo ya bonde, jirani amefiwa. Lameki alikaa. Asingeweza kumfuata mtu msibani kwa habari za kompyuta, hata mimi nakubali. Alipewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akala, na kwa kuwa kilio kilikuwa kinasikika toka ng'ambo, alizima mlio wa simu. Nilimpigia mara saba. Simu ilikuwa mfukoni mwake ikinyamaza kwa heshima.

Mzee Rwekaza alirudi saa nane na nusu, amevaa koti la msiba. Alinawa, akakaa, akaleta kamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa za kutafuna, akamgawia mgeni wake. Wakatafuna. Wakaulizana habari za Kemilembe, za watoto, za baba mwinjilisti na presha yake, za bei ya kahawa ya maganda. Ndipo Lameki akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameinakili mistari yote mitatu kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, kama barua ya posa.

Mzee alivaa miwani.

"Huu wa kwanza ni wa nani?" aliuliza.

"Si wako, waitu?" Lameki alijibu, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Wangu ni wa pili. Sekunde mia na ishirini, nakumbuka kabisa. Wa kwanza niliukuta."

"Uliukuta?"

"Uliachwa na wale waliokuja kufunga mtambo, pamoja na onyo lao. Nikasema, wataalamu wa watu wamesema usiguswe, mimi ni nani? Nikauacha, nikaandika wangu chini."

Lameki alitazama chini. Sasa kulikuwa na jambo la kusema, na hakuna njia ya kulisema kwa adabu. Aliniambia alitafuna buni tatu kabla hajafungua mdomo.

"Mzee, seva inashika neno la kwanza tu. La pili hailifuati."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, waitu. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Mzee Rwekaza alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Kwa miaka sita yote, mzee aliamini kwamba ule mstari wake ndio uliotibu matatizo ya zamani. Ulikuwa haujafanya kazi hata siku moja. Picha zilikuwa ndogo tu, zikawahi kupita.

"Kwa hiyo nilipoagwa pale hospitalini," mzee alisema, "mganga mkuu akasimama mbele ya watu akanisifu kwa seva." Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ungenipigia simu, mwanangu, ningekwambia futa."

"Ningekupigiaje simu kwa jambo kama hili?"

Mzee alifikiri. "Kweli. Ningechukia."

Alimshika mkono akamwambia aende akafute yote mitatu na aandike mmoja, safi, juu kabisa. Lameki akasema kasinge, yaani asante, akapanda pikipiki, na saa kumi na nusu alikuwa mbele ya kompyuta yake mjini. Alifuta. Ilimchukua chini ya dakika moja. Akaiuliza tena seva inafuata nini, nayo ikajibu: sekunde mia tatu.

Alinipigia, nami nikatuma. Nilikaa nikiangalia namba zikipanda. Sitini, sabini. Sabini na nne mtandao ukasimama, kama kawaida yake, na mimi nikasimama nao. Ulikaa hivyo karibu dakika nzima. Halafu sabini na tano. Ilipofika mia nilipiga kelele hadi mhudumu wa maabara akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Nilitaka kumbusu Lameki kupitia simu, Kemilembe anisamehe. Nikatoka nikikimbia kwenda wodini kuwaambia.

Bibi Theopista alikuwa ameketi kwenye kiti.

Alikuwa ameuma ncha ya khanga yake, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Ildefons alisimama nyuma yake ameshika mabega yake, na dada zake wawili walikuwa pembeni, hawanitazami.

"Nani amemtoa kitandani?" niliuliza.

"Tulingoja," Ildefons alisema. "Jumanne, Jumatano, leo. Tukasema kama kungekuwa na ubaya wangetuambia. Hospitali haiwezi kunyamaza siku tatu mtu ana mfupa umevunjika. Saa tisa tukamsimamisha, atembee kidogo, asije akapata vidonda vya mgongo. Hatua ya pili alilia. Hajawahi kulia, dada. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, sijawahi kumsikia."

Saa tisa. Kaagya walikuwa bado wanatafuna buni.

Tulimrudisha kitandani watu wanne. Ijumaa asubuhi Daktari Renatha alinipigia akiwa ameisoma picha. Ni ufa, alisema, mwembamba, na mfupa haujasogea, nafasi nzuri kabisa. Skrubu tatu, na baada ya wiki chache atakuwa anatembea. Asikanyage tu chini. Nilimweleza kwamba ameshasimamishwa. Akaniambia nipige picha nyingine. Niliipiga, nikaituma, ikafika yote bila kukatwa, na humo kila mtu aliweza kuona, hata Ildefons ambaye hajasomea chochote, kwamba kichwa cha mfupa kimeachana na mwili wake. Skrubu hazingetosha tena. Ilibidi kichwa cha mfupa kitolewe kiwekwe cha chuma, akasubiri daktari wa upasuaji kutoka Mwanza siku tisa, na njia ya kwenda Bukoba, ile ya kurushwarushwa, aliipita mfupa ukiwa umeshaachana.

Nilimwambia Lameki kwa simu. Nilikuwa nimepanga kumfokea, nilikuwa hata na maneno. Lakini aliuliza jina la bibi, na anatoka wapi, na wodi gani, kwa sauti ya mtu anayeandika, na nikashindwa.

Hakungoja kuambiwa aende. Siku ya nne baada ya upasuaji alimpitia bibi wodini, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekuja mjini kumwona. Alivaa shati la kanisani. Alileta maziwa kwenye chupa ya chai na mkungu mdogo wa ndizi za kuiva, akaviweka chini kwa taratibu, akamwamkia bibi kwa Kihaya akiwa amepiga goti. Bibi alimpokea vizuri sana, akadhani ni mjukuu wa mtu fulani wa ukoo wao wa Buhembe. Ilibidi nimweleze kwamba huyu ndiye fundi wa kompyuta.

Lameki alimweleza yote. Alichukua muda mrefu, maana alitaka kueleza na kontena na faili la nje, na bibi alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine. Hakujitetea. Alisema alijua tangu Jumatano mstari gani ulipaswa kufutwa, na mkono wake ulikuwa juu ya kompyuta, na hakuufuta. Aliona ni vibaya kufuta neno la mzee bila ruhusa yake.

Bibi Theopista alinyoosha mkono akarekebisha shuka juu ya nyonga yake, pale palipofungwa bandeji.

"Huyo mzee wa Kaagya ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Sabini na mmoja, waitu."

"Mimi nina themanini na mmoja," alisema, bila hasira, kama anayetaka kuelewa tu. "Na mimi je, mwanangu, si mzee?"